Vilima vya Ubungo na Kifaa Kidogo cha Baiskeli

Hakuna msafiri wa bara asiyeijua Ubungo. Kwa miaka mingi kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilikuwa hapa. Watu wa Mwanza, Arusha, Mbeya na Songea walishuka hapa na mabegi yao, magunia ya mchele na kuku wa zawadi, wakatafuta daladala za kuwafikisha kwa ndugu zao. Mwaka 2021 kilifunguliwa kituo kipya kule Mbezi Luis, na katika makutano ya barabara za Morogoro, Mandela na Sam Nujoma likazinduliwa daraja la ngazi tatu linaloitwa Kijazi. Siku hizi mpita njia huiona Ubungo kwa dakika chache tu kupitia dirisha la basi la mwendokasi, na kabla hajakaa sawa ameshafika Manzese au Kimara.

Lakini Ubungo si makutano ya barabara tu. Ni wilaya nzima, iliyotengwa na Kinondoni mwaka 2016. Inaanzia Manzese na Mabibo, penye nyumba zilizobanana, inapanda hadi Chuo Kikuu, Goba, Kimara na Mbezi, na kuishia Kibamba, karibu na mpaka wa Mkoa wa Pwani. Anayetaka kuijua vizuri aache gari. Apite kwa miguu au kwa baiskeli, kwa mwendo unaomwezesha kuitikia salamu.

Watu husema Dar es Salaam ni tambarare. Husema hivyo kwa sababu gari halichoki. Mimi nimeizunguka Ubungo kwa baiskeli Jumamosi nne, nikiwa na kifaa kidogo cha kupima safari, na katika makala hii napenda kuwasimulia akina mama wenzangu niliyoyaona, na kama kifaa chenyewe kinastahili fedha zake.

KWA NINI BAISKELI?

Mimi ni mshonaji. Kutwa nzima naketi mbele ya cherehani, na jioni nasimama jikoni. Mwaka jana nesi wa kliniki alinipima presha akaniomba nikae nipumzike, kisha akanipima tena. Daktari alinipa dawa, akaniambia pia nitafute mazoezi ya kudumu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Mazoezi ya wastani ni yale yanayokufanya uheme, lakini bado unaweza kuongea na mwenzako.

Nikafikiria baiskeli. Nimezaliwa Usukumani, na huko mwanamke juu ya baiskeli si jambo la kushangaza. Ndiye anayepeleka mahindi mashineni na mtoto kliniki. Hapa Dar es Salaam ni tofauti kidogo, lakini miguu haijasahau.

Ilikuwapo na sababu nyingine. Mama mkwe wangu anaishi Kibamba, peke yake na mjukuu mmoja. Ni mzee sasa, na hukaa akitutazamia. Kumwendea kwa basi kunakula fedha, na foleni inakula siku. Nikajiwekea lengo: nifanye mazoezi mpaka niweze kwenda Kibamba kwa baiskeli, nimwamkie, nirudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Baba watoto hakukataa. Aliuliza swali moja tu: "Utarudi saa ngapi?" Ni swali la haki. Barabara zetu zina malori na bodaboda, na mtu aliyebaki nyumbani na watoto watatu, huku mke hajulikani alipo, hana raha hata kidogo. Akaweka sharti. Kila nikitoka nitaje saa ya kurudi, na saa hiyo nionekane mlangoni. Siku nitakaposhindwa bila taarifa, baiskeli itauzwa. Nikakubali. Lakini mtu atatajaje saa ya kurudi kutoka njia asiyoijua urefu wake wala vilima vyake? Hapo ndipo kile kifaa kilipoingia.

KIFAA CHENYEWE

Ni kompyuta ndogo ya baiskeli, ndogo kuliko kiberiti cha jikoni ukikiweka viwili pamoja, inayofungwa kwenye usukani kwa mpira. Sisi tuliipata kwa kama shilingi 100,000. Zipo za bei ya mara nne na mara tano, zenye ramani za rangi. Hii yetu haina ramani. Inaonyesha saa, kasi, umbali, muda uliotumika na kiasi ulichopanda kwa mita. Inachajiwa kwa waya wa simu, na chaji moja inatosha safari nyingi za Jumamosi.

Vifaa vya zamani vilihesabu mizunguko ya gurudumu. Sumaku ilifungwa kwenye spoku, na kila ilipopita kifaa kiliongeza kama mita 2. Hivi vya sasa havigusi gurudumu. Vinasikiliza mawimbi ya redio kutoka setilaiti za mfumo uitwao GPS, ambazo huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila setilaiti ina saa sahihi mno, nayo hutangaza muda wake bila kukoma. Kifaa kikizisikia setilaiti 4 au zaidi, hupima mawimbi yalichelewa kiasi gani njiani, na kutokana na hapo hujua mahali kilipo. Mawimbi hayo hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, hivyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Huduma yenyewe ni ya bure. Mfumo huo ni wa Marekani na ulikamilika mwaka 1995. Mpaka Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakipunguza kwa makusudi usahihi wake kwa watu wasio wanajeshi. Leo Warusi, Wachina na nchi za Ulaya nao wana mifumo yao, na hata kifaa cha bei nafuu mara nyingi husikiliza zaidi ya mmoja.

Napenda akina mama tujue pia kwamba katika hesabu za jambo hili umo mkono wa mwanamke mweusi. Gladys West alizaliwa Virginia, Marekani, mwaka 1930, katika familia ya wakulima. Mwaka 1956 aliajiriwa na kituo cha jeshi la majini huko Dahlgren, akafanya kazi hapo miaka 42. Dunia si duara kamili kama mpira. Imevimba huku na kubonyea kule. Hesabu zake zilisaidia kupata umbo la kweli la dunia, na bila umbo hilo setilaiti zisingeweza kutuonyesha mahali sahihi. Alifanya hayo huku akilea watoto 3, na baada ya kustaafu akasoma mpaka akapata shahada ya udaktari. Mwaka 2018 Jeshi la Anga la Marekani lilimpa heshima rasmi kwa kazi hiyo.

Vifaa vya namna hii ndivyo vilivyokuwa kwenye usukani wa wanawake walioshindana Kigali, Rwanda, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Wanawake hao waliendesha kilomita 164.6 juu ya vilima vya Kigali, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akashinda. Sisi hatushindani na mtu. Lakini kilima ni kilima, na namba inayomsaidia bingwa kugawa nguvu zake inaweza kumsaidia na mama wa Ubungo.

JUMAMOSI YA KWANZA: MLIMANI

Nilianza na Chuo Kikuu kwa sababu ni karibu. Nilifuata Barabara ya Sam Nujoma hadi Mlimani City, nikakata kushoto kupanda chuoni. Jina lenyewe, Mlimani, lingetosha kumwonya mtu. Chuo kilianza mwaka 1961 katika jengo la mjini, mtaa wa Lumumba, kikahamia huku kilimani mwaka 1964.

Barabarani kifaa kilisomeka kilomita 16 kwa saa. Kwenye mpando kikashuka hadi 9, kisha 7. Vijana wa chuo waliokuwa wakikimbia mchakamchaka walinipita, mmoja akasema, "Shikamoo mama, kaza!" Nikaitikia marahaba bila pumzi ya kuongeza neno.

Juu huko hewa ni nyingine. Miti mikubwa imefunika barabara, na asubuhi ile ndege walikuwa wengi kuliko magari. Nilisimama nikatazama mji ulioenea chini. Kisha nikateremka nyumbani kwa dakika chache mno. Njia nzima ilikuwa kilomita 9, lakini nusu ya kwanza ilikula muda karibu mara mbili ya nusu ya pili. Hilo ndilo somo la kwanza ambalo kifaa kilinifundisha. Kwa sisi tunaoishi bondeni, kurudi si sawa na kwenda.

Jioni kijana wangu wa kidato cha pili aliihamishia safari ile kwenye simu. Ukaonekana mstari wa njia yangu juu ya ramani. Barabarani ulikuwa umenyooka kama uzi, lakini chini ya miti ya chuo ulipindapinda kama mshono wa mwanafunzi. Majani mazito huzuia mawimbi, kijana akanieleza. Hata chini ya daraja la Kijazi kifaa hupotea kidogo, kisha hujipata tena.

JUMAMOSI YA PILI: MABIBO

Wiki iliyofuata niliepuka Barabara ya Mandela. Hiyo ndiyo njia ya malori yanayotoka bandarini kwenda mikoani, Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na si mahali pa mama anayejifunza. Nilipita mitaa ya ndani ya Kibangu, nikashuka kwenye baiskeli na kuvuka Mandela kwa miguu pale External, nikaingia Mabibo.

Mabibo ina soko la ndizi ambalo watu huliita Mahakama ya Ndizi. Malori hufika na mikungu usiku, na alfajiri wachuuzi wanakuwa wameshajaa. Pale ndipo nilipowaona waendesha baiskeli wa kweli. Kijana mmoja alikuwa amefunga mikungu nyuma mpaka baiskeli ikataka kuinua gurudumu la mbele. Alikitazama kifaa changu.

"Mama, hicho kinakwambia nini?"

"Kinaniambia nimekuja kilomita 5, mwanangu."

"Mimi nakwenda Kariakoo na mzigo, narudi mtupu. Mara tatu kwa siku. Kingeniambia nini mimi?"

Tukapiga hesabu pamoja. Kutoka Mabibo hadi Kariakoo ni kama kilomita 7. Kwenda na kurudi ni 14, na mara tatu ni 42. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka: "Kumbe ndiyo maana kila siku nasikia njaa!"

Maneno yake niliondoka nayo. Mjini humu watu wengi wanafanya kazi ngumu isiyohesabiwa na yeyote. Muuza ndizi, mama wa maandazi anayepanda Kimara na beseni kichwani, binti anayebeba maji kilimani. Mtu akipima anachofanya, hata mara moja tu, huuelewa uchovu wake na haujii tena kama uvivu.

Nilirudi kupitia Manzese na Urafiki, kilipo kile kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Sisi washonaji tunakikumbuka kwa khanga na vitenge vyake. Katika vichochoro vya Manzese kifaa kilichanganyikiwa. Jioni ramani ilionyesha kwamba nimepita juu ya mabati ya nyumba za watu. Watoto walicheka sana. "Mama ameruka!" Kwa hiyo msomaji asikiamini kifaa kwa kila mita. Kwa kilomita kinasema kweli, kwa hatua moja kinaweza kukosea.

JUMAMOSI YA TATU: KIMARA

Kutoka Ubungo kwenda Kimara ni kama kilomita 6, na vituo vya mwendokasi ni alama nzuri za njiani: Kibo, Kona, Baruti, Bucha, Korogwe, kisha Kimara. Mabasi hayo yalianza kazi Mei 2016, na pembeni ya barabara yao ilijengwa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Njia ipo. Lakini katika vituo vingi utakuta meza za nyanya, viatu vya mitumba na bodaboda zilizoegeshwa, nawe unalazimika kushuka na kuikokota. Sikuwakasirikia akina mama wa nyanya, maana nao wanalisha watoto. Lakini njia ya baiskeli iliyojaa bidhaa humsukuma mwendesha baiskeli kwenye magari, na huko kosa ni moja tu. Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, umekuwa ukililia jambo hili la njia salama jijini, na mimi sasa najua kwa nini.

Mpando wa Kimara hauonekani kwa macho. Hakuna mahali unaposema, "Huu hapa mlima." Unapanda kidogo kidogo, unapumzishwa, unapanda tena. Anayetaka ushahidi ayafikirie matangi ya maji ya Kimara. Maji ya Ruvu Juu yanasukumwa mpaka huko, ndipo yateremke kwenye mabomba ya mjini yenyewe. Hakuna mtu anayejenga tangi la namna hiyo bondeni.

Siku hiyo niliahidi kurudi saa 2:30. Nilifika Kimara nikiwa nimetumia dakika 41. Nilikuwa na hamu ya kuendelea hadi Stop Over, kwani miguu bado ilikuwa na nguvu. Nikatazama saa, nikageuza. Kushuka kulichukua dakika 24. Nilifika saa 2 na dakika 18, na baba watoto akatazama saa ya ukutani bila kusema kitu. Nilijua amehesabu.

Jambo la ajabu ni kwamba kifaa kilidai nyumba yetu imeshuka kwa mita kadhaa tangu alfajiri. Maelezo yake ni haya. Kifaa chetu hupima mwinuko kwa uzito wa hewa. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi. Karibu na usawa wa bahari, kila mita 8 hivi ni badiliko dogo ambalo kifaa kinaweza kulisoma. Lakini katika nchi zetu za joto hewa yenyewe huongezeka uzito kila siku tangu alfajiri mpaka kama saa 4 asubuhi, na kifaa hudhani umeshuka. Mawingu ya mvua nayo hukichezea. Basi, namba ya mwinuko ni ya kulinganisha kilima na kilima, si ya kuapia.

JUMAMOSI YA NNE: KIBAMBA

Sasa nilikuwa na hesabu mkononi. Kibamba ni kama kilomita 17 kutoka kwetu. Kwa mwendo wangu wa kupanda ningetumia saa 1 na dakika 35 kwenda, na saa 1 na dakika 5 kurudi. Nikaongeza saa 1 na nusu ya kukaa na mama mkwe, na dakika 25 za akiba kwa ajili ya lisilotarajiwa. Nilimwambia baba watoto: "Natoka saa 12 na dakika 10. Nitarudi saa 5 kasoro robo." Akasema, "Haya, mama. Tutaona."

Baada ya Kimara barabara inafunguka. Kutoka hapo hadi Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane. Upana huo una historia yake. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, kuanzia Kimara na kuendelea, zilibomolewa. Unapopita kwa gari huoni kitu. Kwa baiskeli unaona pembeni kipande cha sakafu, ngazi mbili zisizoelekea popote, au mwembe uliobaki peke yake kama bado unangoja watoto wa nyumba ile.

Nilipita Stop Over, Suka, Temboni na Kwa Msuguri. Mbezi Luis mabasi ya mikoani yalikuwa yakitoka mmoja baada ya mwingine, na wapiga debe wakaniuliza kama nakwenda Morogoro na baiskeli yangu. Baada ya Mbezi nyumba zinapungua, mashamba madogo yanaonekana, na hewa ni ya baridi kidogo. Kabla ya saa 2 kasoro robo nilikuwa nabisha hodi.

Mama mkwe alitoka na upawa mkononi. Alinitazama mimi, akaitazama baiskeli, akatazama barabarani kama anatafuta gari lililonileta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na hiyo, kutoka Ubungo?"

"Na hii, mama."

Alikaa chini kabisa akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tulikunywa uji wa ulezi. Nilimpunguza nywele, nikamshonea mfuko wa gauni uliokuwa umefumuka, akanieleza habari za goti lake na za majirani. Nikaona kwamba katika ziara zetu za basi, sote watano, hatujawahi kukaa hivi. Daima kulikuwa na mtu anayetazama saa. Safari hii saa niliifunga kwenye usukani nje, nami nilijua sawasawa ni dakika ngapi nilizo nazo za kumsikiliza.

Saa 3 na robo niliaga. Mteremko ulinisaidia, na nilikuwa mbele ya hesabu mpaka Temboni, ambapo niliisikia tairi ya nyuma ikilegea. Pancha. Fundi baiskeli alikuwa chini ya mti, beseni la maji mbele yake. Alitoa tyubu, akaizamisha, akaona mapovu, akasugua, akabandika kiraka, akajaza upepo. Yote hayo yalichukua dakika 22.

Zamani ningeketi pale na moyo unadunda. Safari hii nilikitazama kifaa. Zilibaki kilomita 8, na sehemu kubwa ni kushuka. Nikapiga simu: "Baba watoto, nimepata pancha Temboni. Fundi anamaliza. Nitafika saa ile ile niliyosema."

Akajibu, "Sawa. Usikimbie, mama. Tunakungoja."

Nilifika saa 5 kasoro dakika 18. Dakika 3 kabla ya ahadi. Kijana wangu alisoma namba: kilomita 34 kwenda na kurudi. Baba watoto alichukua baiskeli mkononi mwangu, akaiingiza ndani mwenyewe, na habari ya kuiuza haijatajwa tena. Mwezi uliofuata alinunua taa ya nyuma.

KWA MAMA ANAYEFIKIRIA KUJARIBU

Kuhusu afya nitasema ukweli ulivyo. Baada ya miezi mitatu presha yangu imeshuka kiasi, na daktari amesema niendelee na dawa na niendelee na baiskeli. Mwenye presha, kisukari au mimba amwone daktari wake kwanza.

Fedha zianzie kwenye breki, tairi na helmeti. Kifaa kije mwisho. Baiskeli isiyo na breki haiokolewi na setilaiti.

Ukikipata, kiwekee saa za Afrika Mashariki, yaani saa 3 mbele ya saa ya dunia ya Greenwich, na kumbuka kinahesabu kwa mtindo wa kizungu. Kikiandika 6:10 asubuhi, kwetu ni saa 12 na dakika 10. Tazama namba tatu tu: saa, umbali na mpando. Kasi waachie vijana. Wala usisome kifaa ukiwa kwenye magari. Macho ni ya barabarani; kifaa utakisoma ukisimama.

Panga safari kwa vilima, si kwa kilomita peke yake. Pima nusu ya kwenda, tenga akiba ya dakika 20 au 30, ndipo utaje saa ya kurudi. Muda wa kugeuka ukifika, geuka, hata kama miguu inataka kuendelea.

Tahadhari moja ya usalama. Programu za simu kama Strava huweza kuwaonyesha wengine njia unayopita. Mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani ya Strava ilikuwa imefichua mahali pa kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia na vifaa vyao. Kama kambi za majeshi zilionekana, mlango wako nao utaonekana. Mwambie kijana wako afiche mwanzo na mwisho wa safari, au asitangaze kabisa.

Na asiye na shilingi 100,000 asikate tamaa. Saa ya mkononi na majina ya vituo yanatosha. Andika kwenye daftari: Ubungo hadi Baruti dakika kadhaa, Baruti hadi Kimara dakika kadhaa. Baada ya Jumamosi nne utakuwa na ramani yako mwenyewe ya vilima, na ukiulizwa utarudi saa ngapi, utakuwa na jibu.